Wewe Si Mume Wangu

Siku hiyo shosho alinikatia simu mara tatu.

Mara ya kwanza alijaribu kusikiliza. Nilimwambia, "Shosho, ni mimi," au tuseme nilijaribu kumwambia. Kilichotoka kilikuwa upepo wenye mikwaruzo, kama tairi la baiskeli linalovuja.

"Wewe nani?"

"Mume wako."

Nimepewa jina la guka, na kwetu hiyo inamaanisha kwamba tangu nizaliwe shosho huniita mume wangu. Nikimpigia Jumapili jioni, hata kabla sijamaliza salamu, yeye husema, "Eh, mume wangu, umekula?" Siku hiyo alinyamaza kidogo. Halafu akasema kwa Kikuyu chake cha Kangema, ambacho nakutafsiria hapa kwa upole kuliko kilivyokuwa: "Wewe si mume wangu. Mume wangu ana sauti. Nyinyi watu wa jela, tafuteni kazi."

Akakata. Mara ya pili alikata bila kusema neno. Mara ya tatu alimpa simu msichana wa jirani, wa darasa la sita, ambaye alinitukana vizuri sana kabla hajakata.

Usimlaumu. Mwaka uliotangulia kuna mtu alimpigia akilia, ati yeye ndiye mjukuu, ati amepata ajali Thika, atumiwe elfu nne haraka. Shosho alikuwa ameshavaa viatu atafute mtu wa kumtumia hizo pesa. Kilichomwokoa ni kwamba mwizi huyo alilia kwa sauti nyembamba, na mimi nina sauti nzito ya guka. Shosho ana presha ya macho. Huona vivuli tu, na jina linalotokea kwenye kabambe yake halimsaidii. Kwake yeye mtu ni sauti. Ukiikosa sauti, wewe ni mtu wa jela.

Nami nilikuwa nimeikosa.

Ilianza Novemba na kikohozi kidogo, cha kukaushia koo. Hapa lazima nikuambie kazi yangu, ili ucheke kabla hujanihurumia. Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, lakini kabla mtu yeyote hajanilipa kwa jina langu, nilikuwa nikiwaandikia wanafunzi wa Marekani kazi zao za chuo. Historia, biashara, uuguzi, chochote. Kuna nesi mahali fulani kule ambaye mimi ndiye niliyemwandikia kurasa nane kuhusu kifua kikuu. Nilizipanga dalili vizuri: kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, jasho la usiku, kupungua uzito, homa. Hata niliandika kwamba ugonjwa huu unaweza kuingia kwenye koo na kubadilisha sauti. Alipata alama ya juu. Mimi nilikohoa Novemba nzima, nikaloa shuka usiku, suruali zikaanza kunivuka, na sikuunganisha jambo hata moja na jingine.

Krismasi nilienda kwa shosho, siku kumi. Sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. Alinichemshia tangawizi tukakaa jikoni usiku, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi, moshi machoni, mimi nikikohoa upande wangu wa moto na yeye akinisimulia habari za kijiji. "Hiyo ni baridi ya Nairobi," akasema. Nikakubali.

Januari sauti ilianza kuondoka kwa awamu. Kwanza ziliisha noti za juu, nikawa siwezi kucheka vizuri. Halafu asubuhi ikawa na sauti na jioni haina. Huko mtaani kila mtu alikuwa daktari. Wa kemisti alinipa antibiotiki, zikaisha, akanipa nyingine. Jamaa ninayeishi naye kwenye keja aliapa ni kelele za mechi za Arsenal. Kliniki moja iliniambia ni asidi ya tumbo inapanda, niache kahawa na pilipili. Niliacha kahawa. Kwa mwandishi hicho si kitu kidogo.

Ukitaka kujua sauti ni nini Nairobi, ikose ukiwa ndani ya matatu. Nilikuwa nafungua mdomo kusema "shukisha," na muziki unaimeza. Nilipitishwa stegi yangu mara nne kwa wiki moja. Nikajifunza kubeba sarafu ya shilingi ishirini mkononi na kugonga bati la gari. Makanga mmoja aliniuliza, "Buda, kwani umemeza mdomo?" Watu wakacheka, na mimi pia nilicheka, bila kutoa sauti.

Kufika Februari, kumeza mate kulikuwa kama kumeza wembe. Ugali niliuacha nikaanza kuishi kwa uji wa vuguvugu. Hapo ndipo nilipotumwa kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Aliingiza kamera nyembamba puani, kama waya wa chaja, ikateremka hadi kooni, akanigeuzia skrini. Kama hujawahi kuona nyuzi zako za sauti, ni mikunjo miwili midogo ya nyama, iko ndani ya kile kifundo ambacho wanaume hutokeza nacho shingoni. Ukipumua inaachana. Ukiongea inakaribiana, na hewa kutoka mapafuni inaitetemesha, kwa mwanamume zaidi ya mara mia kwa sekunde. Huo mtetemo ndio sauti. Za mtu mzima zina weupe kama wa lulu. Zangu zilikuwa nyekundu, zimevimba, upande mmoja una kidonda chenye kingo zilizoliwaliwa. Hazikufungana. Nilipoambiwa niseme "iii," zilijaribu kukutana na zikashindwa.

Daktari alikaa kimya kwa muda ambao sikuupenda. Kisha akasema kunaweza kuwa na mambo mawili, na moja ni saratani. Akakata kipande kidogo kipelekwe maabara, akaagiza eksirei ya kifua, akanipa na kikopo cha makohozi.

Siku hizo mbili nilisoma kila kitu. Ndiyo kazi ninayoijua. Nikakutana na Manuel García, Mhispania aliyekuwa mwalimu wa kuimba, ambaye mwaka wa 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, akakiweka nyuma ya koo, akaelekeza mwanga wa jua kwa kioo kingine, akawa mtu wa kuziona nyuzi zake mwenyewe za sauti zikifanya kazi. Hakuwa daktari. Alitaka tu kujua wimbo unatoka wapi. Nikakutana pia na Franz Kafka. Nilijua aliugua kifua kikuu. Sikujua kilimpanda kooni. Wiki zake za mwisho, mwaka wa 1924, akiwa katika nyumba ya wagonjwa Kierling karibu na Vienna, madaktari walimshauri asiongee. Akawa anaongea na marafiki kwa vikaratasi. Kula kulimshinda kwa maumivu, na huku anakufa njaa alikuwa akisahihisha kurasa za kitabu chenye hadithi ya mtu ambaye kazi yake ni kufunga chakula mbele ya watazamaji. Alikufa tarehe 3 Juni, akiwa na miaka 40.

Nilimsomea jamaa wangu habari hiyo, yaani nilimtumia kwa WhatsApp, yeye akiwa amekaa kitandani na mimi sakafuni. Akanijibu kwa WhatsApp: "Mse, wacha kusoma."

Mashine ya GeneXpert ilipata kifua kikuu kwenye makohozi, na kile kipande hakikuwa na saratani. Unajua unavyopaswa kujisikia ukiambiwa una kifua kikuu? Mimi nilitaka kumkumbatia mtu. Nilikuwa na barakoa, kwa hivyo sikumkumbatia.

Muuguzi wa kliniki ya kifua kikuu alinieleza vile mambo yalivyoenda. Vijidudu vilianzia mapafuni. Kila nilipokohoa, makohozi yenye vijidudu yalipita juu ya nyuzi za sauti, mpaka vikajenga hapo. Zamani, kabla ya dawa, ikifika kooni watu walijua ni mwisho. Robert Koch alikitangaza kijidudu chenyewe Berlin mwaka wa 1882, lakini dawa ya kwanza ya kukiua, streptomaisini, ilingoja hadi 1943. Kafka alizaliwa mapema mno. Mimi nilipewa vidonge vya miezi sita, bure: miwili ya kwanza dawa nne kwa pamoja, minne inayofuata dawa mbili. Hiyo miezi sita nayo ina historia ya hapa kwetu. Matibabu yalikuwa yakichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi. Miaka ya sabini, majaribio yaliyofanywa na watafiti wa Afrika Mashariki na Uingereza, kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, yalionyesha kwamba miezi sita ya mchanganyiko ufaao inatosha. Kuna watu waliomeza dawa wakati huo bila kujua kama muda huo utatosha, ndiyo maana mimi sikuhitaji kumeza mwaka na nusu.

Nilipimwa na virusi vya ukimwi, kama kila mgonjwa wa kifua kikuu, sina. Nikaonywa kwamba mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa nisishtuke. Nilishtuka tu. Nikaambiwa nipumzishe sauti, hata kunong'ona nipunguze. Halafu muuguzi akachukua kalamu.

"Nani na nani umekaa nao karibu miezi hii? Chumba kimoja, muda mrefu?"

Kifua kikuu cha koo kinaambukiza haraka, akasema. Niliandika jina la jamaa yangu. Kalamu ikakaa juu ya karatasi. Nikakumbuka jikoni, mlango umefungwa, siku kumi, mwanamke wa miaka zaidi ya sabini akivuta pumzi yangu. Nikaandika jina la shosho.

Kwa hivyo ndiyo nilipiga. Nilitaka alisikie kutoka kwangu kabla mhudumu wa afya wa kijiji hajabisha mlango. Badala yake nikawa mtu wa jela.

Mhudumu alienda siku tatu baadaye. Jioni hiyo simu yangu ililia. Shosho alikuwa analia pia, sijawahi kumsikia akilia, hata siku tulipomzika guka. "Nilikufukuza," akasema. "Ulinipigia ukiwa mgonjwa nikakufukuza." Nilijaribu kujibu, ukatoka upepo. Akasema, "Nyamaza. Mhudumu ameniambia usiongee. Kama unanisikia, gonga simu kwa kidole. Moja ni ndiyo, mbili ni hapana."

Nikagonga mara moja.

"Umekula?" Moja. "Una deni la nyumba?" Mbili; uongo mdogo. "Unaumwa?" Nikafikiria. Moja.

"Na chuo wanajua uko mgonjwa? Walimu wako wanajua?"

Sasa sikiza. Hili ndilo jambo nililokuwa nikilizunguka tangu nianze kuandika.

Mimi siko chuo. Niliacha mwaka wa pili, nikisomea ualimu, Kiswahili na Historia. Shosho hakujua. Muhula ule wa mwisho bonasi ya majani chai ilikuwa imekuja kidogo, akauza ng'ombe ili nisikose mtihani. Shilingi 45,000. Nilinunua laptopu ya mitumba kwa 28,000, nikajiambia nitaandika usiku, pesa itarudi kabla ya mwisho wa muhula, nitalipa karo. Iliyobaki ikala kodi. Pesa haikurudi kwa wakati, mtihani ukanipita, na aibu ikafanya mengine. Miaka miwili, kila Jumapili, kwa ile sauti nzito ya guka, nilimpa ripoti za masomo. Migomo ya wahadhiri ilinisaidia sana. Kanisani alikuwa anaambia watu mjukuu wake ni mwalimu.

Nitakuambia ukweli mbaya. Sauti ilipoanza kuondoka, kuna sehemu yangu iliyopumzika. Nilifikiri, angalau sitamdanganya kwa sasa. Nilikuwa nimeipa koo langu lawama zote, kama ni koo lililokula 45,000. Nikaanza hata kuona ugonjwa kama adhabu iliyopangwa vizuri, ya kupendeza kuandikwa. Upuuzi. Kijidudu hakijui nani mwongo. Jamaa yangu wa keja haendi siku bila kumpigia mamake na kumwambia ukweli wote, na ingekuwa bahati mbaya kidogo angeugua yeye.

"Mume wangu? Walimu wanajua?"

Niligonga mara moja. Ndiyo.

Hivyo tu. Kidole kimoja kwenye kioo cha simu. Sikuhitaji sauti hata kidogo.

Usiku huo sikulala, na haikuwa kikohozi.

Vipimo vya shosho vilitoka safi, akapewa dawa za kuzuia. Jamaa yangu pia. Mimi nilimeza vidonge kila asubuhi. Kufika wiki ya tatu niliweza kumeza ugali laini. Wiki ya sita, nikiwa naoga, nilikohoa na nikasikia chini ya kikohozi kitu kama injini inayokataa kuwaka halafu inawaka. Nikasema "aaa." Mbovu, imekwaruzwa, lakini ni mtetemo. Nilisema "shukisha" mara tano hapo bafuni.

Mwisho wa mwezi wa pili makohozi yalipimwa tena, vijidudu havikuonekana. Muuguzi aliponiruhusu kusafiri, nilipanda gari la Kangema siku iliyofuata.

Tulikaa nje, kwenye benchi, karibu na kibanda cha ng'ombe ambacho siku hizi kina kuni. Shosho alininyooshea mkono, akanigusa uso, kisha akateremsha vidole mpaka shingoni na kuviacha hapo. "Ongea," akasema.

Nikaongea. Nilikuwa na sauti ya dakika kumi hivi, halafu ingekatika, kwa hivyo sikupata nafasi ya kuipamba. Nilimwambia siko chuo. Nilimwambia tangu lini. Nilimwambia 28,000 zilinunua nini na zilizobaki zilienda wapi. Vidole vyake vilikuwa bado kooni kwangu, na nafikiri aliyasikia mengine kwa vidole kabla ya masikio.

Aliondoa mkono.

Sitakudanganya kwamba alikuwa amejua siku zote, kama wanavyojua mashosho wa hadithi. Hakujua. Alikaa mpaka jua likahama kutoka kwenye benchi. Halafu akauliza, "Ng'ombe yule aliitwa nani?"

"Gatune," nikasema. Kale kekundu. Nilikachunga nikiwa mdogo.

"Sema tena."

"Gatune."

"Kumbe unakumbuka." Akainuka, akaingia ndani, na hakuniongelesha mpaka asubuhi. Asubuhi aliuliza swali moja: "Umemeza dawa?"

Nilimaliza dawa Septemba. Daktari alirudisha kamera yake puani: nyuzi zinafungana, lakini upande ule wa kidonda umebaki na kovu. Alisema sauti huenda itaendelea kuwa na mkwaruzo kidogo. Si ya guka tena. Rafiki zangu wanasema imekuwa ya mtangazaji wa usiku, na kuna msichana mmoja aliyesema anaipenda, kwa hivyo silalamiki. Karatasi za Wamarekani nimeacha. Kila mwezi natuma Kangema kiasi ninachoweza, kwa M-Pesa, kupitia kwa yule msichana wa jirani, ambaye hajawahi kuniomba msamaha. Ng'ombe bado hajafika.

Shosho hajaizoea sauti hii. Anasema inafanana na ya mtu yeyote, na watu wa jela bado wanapiga. Kwa hivyo tumewekeana utaratibu. Jumapili jioni napiga, anainua, haniiti mume wangu. Anangoja.

"Nani?"

"Gatune."

"Haya," anasema. "Ongea."